Nani Kakufundisha Kuruka Maneno?

Mama Pacha alikuwa karani wa kuchapa, mwaka wa kumi na nane sasa, na mumewe, mwalimu wa historia, hakuwahi kumaliza kuandika mtihani bila kumwita. Mwalimu alidonoa vitufe vya kompyuta kwa kidole kimoja kama kuku, na kosa likiwa mwanzo wa mstari alihangaika na kipanya mpaka mkewe uvumilivu unamwishia. "Hebu toka," humwambia, na kiti anamnyang'anya.

Jumamosi moja asubuhi, akikunja nguo sebuleni, alimwona mumewe kwenye kompyuta, kipanya kimesukumwa kando. Mwalimu alibonyeza Ctrl pamoja na mshale, kishale cha kwenye kioo kikaruka neno zima, kisha jingine. Akagusa Home, kikatua mwanzo wa mstari. Ctrl na End, hicho mwisho wa mtihani! Tena anapiga mluzi.

Mama Pacha akaweka nguo chini.

"Baba Pacha, nani kakufundisha?"

"Mwenzangu shuleni. Yule mwalimu mpya wa muziki." Akacheka peke yake. "Ana maneno yule dada!"

Dada! Siku mbili nzima aliwaona mawazoni bega kwa bega, kidole juu ya kidole. Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake la kuendea harusi, akatinga ofisi ya walimu bila kubisha hodi.

Walikuwapo kweli, wamekaa pamoja, wanacheka. Mwanamke mwenyewe mzuri, hana dosari. Lakini kioo cha kompyuta yake kilikuwa kimezimwa, na sauti ilimsomea kila neno kishale kilipotua. Fimbo nyeupe ilikuwa imeegemezwa mezani.

"Mama Pacha! Kuna nini nyumbani?" mumewe akashtuka.

"Kumbe ndiye wifi!" mwalimu wa muziki akageukia mlangoni. "Karibu. Mimi kipanya sikioni, wifi, natembea kwa vitufe tu. Nikamwambia na mumeo aache kuteseka."

Aibu ikamshika Mama Pacha, ila wivu haukutoka. Ulihama mahali tu.

"Mbona hukuniuliza mimi?" alimwambia mumewe walipotoka uani. "Hayo yote nayajua!"

"Nilikuuliza. Mara ngapi? Kila mara unaninyanyua kwenye kiti." Mwalimu akashusha sauti. "Yule haoni nikikosea. Ananingoja tu mpaka nifike."

Jioni mumewe alipokaa kwenye kompyuta, Mama Pacha alivuta kigoda kando yake, mikono kaibana kwapani. Kishale kikapita neno lililotakiwa, kikarudi, kikapita tena. Vidole vilimwasha, akauma mdomo.

"Huwa mnacheka nini na yule?" akauliza hatimaye.

"Makosa yangu."

Akajaribu kucheka naye. Cheko likatoka kavu, lakini hakuinuka.