Chakula cha Msiba wa Emmett Tuttle

Mimi si mtu wa kumsifu jirani ovyo, hasa jirani ambaye kuku wake wanamaliza mboga zangu. Lakini Ozella Tuttle nitamvulia kofia mpaka nife. Mji mzima wa Tarpley ulimwogopa mkuu wa polisi, Dwight Boggs, na aliyemwangusha ni mjane mgonjwa wa mgongo.

Mumewe, Emmett, alikuwa mkaguzi wa madaraja. Kaka yake Boggs alijenga daraja lenye mchanga mwingi kuliko saruji, na wakubwa wakafumba macho, maana mkono mtupu haulambwi. Emmett akakataa kutia saini. Jumatano alikuwa aende Montgomery, makao makuu ya jimbo, kuwaeleza wakubwa wa huko. Jumanne, saa saba mchana, wavuvi wakamkuta mtoni chini ya daraja hilohilo, amekufa.

"Aliteleza," Boggs akatangaza. Mchunguzi wa vifo, shemeji yake, akaandika hivyohivyo kabla nguo za marehemu hazijakauka.

Huku kwetu msiba huanzia jikoni. Hujamaliza hata kulia, meza imeshajaa kuku wa kukaanga, keki na mkate wa mahindi, na kila chombo kimebandikwa jina la mwenyewe chini ili kirudi kwake. Alhamisi, baada ya mazishi, mimi naosha, Ozella anakausha. Akageuza bakuli moja, akasoma: Doris Boggs. Mke wa mkuu wa polisi.

"Loretta, hili lilikuja lini?"

"Hilo la kwanza kabisa, Jumanne. Wewe ulikuwa umelala na mgongo wako, nikalipokea mimi mlangoni. Kuku na wali, bado wa moto. Akasema nikwambie wanakuombea."

"Saa ngapi?"

Kipindi cha redio ninachokisikiliza saa sita kilikuwa hakijaanza. "Saa tano na kitu," nikasema, na sahani ikaniponyoka. Saa hiyo maiti ya Emmett ilikuwa haijaonekana na mtu! Nami mpumbavu nilidhani wanauombea mgongo.

Ningekuwa mimi, ningetoka barazani nikapiga kelele. Ozella aliendelea kukausha.

"Doris asiposema mwenyewe, hatuna kesi," akasema. "Na akimuuliza mumewe kwanza, hatasema. Tutamuuliza mbele za watu." Kisha akapiga simu Montgomery.

Jumapili ibada ikaisha. Mpelelezi wa jimbo alikuwa kiti cha nyuma, na tai mbaya sijapata kuona. Ozella akamfuata Doris palepale mbele ya madhabahu, Boggs akiwa pembeni.

"Dada Doris, bakuli lako hili. Asante, mpenzi. Wewe ndiye uliyetangulia kuliko wote."

"Jamani, si ndio wajibu wetu! Pole tena, dada."

"Ulifika saa ngapi vile? Loretta ananibishia."

"Huyo naye kwa ubishi! Saa tano na nusu. Dwight alinipigia simu saa nne, akasema Emmett kazama, nipike upesi."

"Saa nne?" mmoja wa wavuvi akauliza. "Sisi tulimkuta saa saba."

Boggs akacheka. "Mke wangu na saa wapi na wapi! Hata kanisani huchelewa. Twende nyumbani, Doris." Akamshika kiwiko.

Nimemjua Doris miaka thelathini. Ni mmbeya, lakini hata umri wake hajawahi kuudanganya. Aliutazama ule mkono, akajitoa.

"Sijachanganya kitu. Ulisema saa nne. Dwight, ulijuaje?"

Kanisa zima likamgeukia Boggs. Akachukua kofia yake, akautazama mlango. Nilifurahi, sitaficha. Mpelelezi akaja mbele, akamuuliza Doris kama atayarudia maneno hayo Montgomery. Doris akaitikia kwa kichwa.

Niliwaendesha mimi mchana uleule, Doris na Ozella nyuma. Boggs alikuwa ndani ya gari la jimbo mbele yetu, na Doris hakuacha kulitazama. Tulipovuka mpaka wa kaunti akaangua kilio.

"Ozella, nilipika nikicheka na redio. Nilidhani natenda wema."

Ozella, aliyemzika mumewe juzi tu, akamvuta begani kwake.

"Ulitenda," akamwambia.