Kumwongezea Damu Mke Mwenza

Hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita Mtaalamu. Ukweli ni kwamba alianza mwenyewe, kwa kujitambulisha hivyo kila anapopiga simu, na watu wakaona kumbishia ni kazi kubwa kuliko kumkubalia. Ofisini alikuwa karani wa bima, mtu wa kugonga mihuri kwenye madai ya wenye magari yaliyopondeka. Utaalamu aliuhifadhi nyumbani, kwenye stoo ya chini ya ngazi, alikoiweka seva yake.

Seva ni jina la heshima tu. Ilikuwa kompyuta kuukuu iliyostaafishwa na ofisi moja baada ya kuwachosha watu. Mtaalamu aliisugua kwa mswaki, akaijaza diski, akaitangazia familia kwamba kuanzia sasa picha zote, video zote na vyeti vyote vitakaa humo. Simu, alisema, ni mfuko uliotoboka. Akapita kwa kila mtu akikusanya, na akishahamisha anafuta, ili mtu asije akashawishika kurudi gizani. Stoo ikapigwa rangi na kutiwa kufuli. Feni nzuri kuliko zote nyumbani ikahamia humo, kwa kuwa mtambo ule, tofauti na binadamu, haupendi joto.

Mkewe, nesi wa kitengo cha damu katika hospitali kubwa, aliyapokea yote hayo kwa ulimi wa kejeli. Kila asubuhi alipopita na ndoo ya kudekia alibisha mlango wa stoo.

"Hodi, mke mwenza! Umelala vizuri? Feni imekutosha?"

Mtaalamu alijifanya hasikii. Watu wa sayansi wamezoea kudharauliwa na watu wa nyumbani kwao.

Sasa humo ndani ya seva kulikuwa na kitu kimoja ambacho hata nesi hakukifanyia mzaha. Mama yake mzazi alikuja kuugulia kwao, akakaa chumba cha nyuma, na huko ndiko alikofariki. Siku moja ya kiangazi, nesi akiwa zamu, Mtaalamu alikaa na mama mkwe, akamrekodi kwa simu akisimulia maisha yake tangu utoto. Hapa lazima tumpe haki yake: bila yeye sauti ile isingekuwepo. Ila kama kawaida aliihamishia stoo, akaifuta kwenye simu, na tangu hapo hakuna aliyewahi kuiona yote. Mama akifika pale anaposimulia alivyotumbukia mtoni akiwa msichana, picha inaganda, kiduara kinazunguka kwenye runinga, kisha inaruka mbele hadi mama anapocheka.

Na alikuwa anacheka kweli, yule mama, cheko la kifua kizima, hadi machozi. Familia nzima ililipenda lile cheko. Mtaalamu alikuwa na kawaida ya kuwaeleza wageni kwamba hapo bibi anajicheka kwa kutumbukia mtoni.

Kaka mkubwa wa nesi, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado anazungumza kama yuko mstarini, ndiye aliyeleta shinikizo. Alipiga simu kwamba Jumamosi atakuja na mdogo wao wa mwisho, wamsikilize mama kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nesi akamfuata mumewe stoo, safari hii bila ndoo wala utani.

"Kile kipande kinachorukwa kinaniuma," alisema. "Mimi siku ile nilikuwa kazini. Nataka kusikia alichosema mama. Wewe si ulikuwepo, alisema nini?"

"Mambo ya mto. Sikumbuki vizuri, nilikuwa naangalia mwanga."

"Basi Jumamosi icheze bila kuganda. Ikiganda mbele ya kaka, naapa huu mtambo unatoka, naweka viazi."

Mtaalamu alijua mkewe haapi ovyo. Alijifungia akaichunguza seva, akagundua kilichokuwa wazi muda mrefu: ilikuwa na kijiti kimoja tu cha memori, ilhali yeye alikuwa ameibebesha kazi za kampuni nzima. Kulikuwa na programu ya kupima unyevu wa stoo. Kulikuwa na nyingine ya kuangalia kama ile ya kwanza inafanya kazi. Video ikifika penye picha nzito, pumzi zinaikatika. Dawa ilikuwa kuongeza memori.

Angeweza kukichomoa kile kijiti na kusoma maandishi yaliyobandikwa juu yake. Kusoma kibandiko, hata hivyo, ni mambo ya watu wa kawaida. Mtaalamu aliuliza kwenye kundi lake la simu, lenye wanaume wengi wenye stoo, na kundi likalipuka. Mmoja akasema anunue yenye kasi kubwa. Wa pili akasema kasi ni ushamba. Wa tatu alituma picha ya memori inayowaka taa za rangi, wa nne akamtukana wa tatu, na msimamizi akamfukuza wa pili. Mtaalamu alitoka humo na jambo moja tu: zipo memori maalumu za seva, zinazojisahihisha makosa yenyewe.

"Zinajisahihisha zenyewe?" nesi aliuliza. "Ungejinunulia wewe moja kwanza."

Dukani, muuzaji alikuwa akila karanga na kuangalia tamthilia.

"Mashine yako inatumia aina gani?"

"Ya seva."

"Seva ziko nyingi, bosi."

"Dada, mimi ni mtaalamu. Nipe ya seva, iliyo kubwa."

Dada hakuwa na sababu ya kugombana na mtu anayejitakia. Akampa vijiti viwili vinene, vya zile mashine kubwa za mabenki, vyenye kidude cha ziada katikati ambacho kompyuta ya kawaida hata ikivalishwa suti ya seva haikielewi. Tundu lilikubali, na hilo ndilo lililomponza. Vijiti viliingia, vikabana vizuri, Mtaalamu akatabasamu na kubonyeza swichi.

Pii. Pii. Pii. Runinga ikabaki nyeusi.

"Inazoea," alimwambia mkewe aliyesimama mlangoni.

Akaizima, akaiwasha. Akabadilisha nafasi za vijiti, akavipuliza, akavifuta kwa shati. Seva iliendelea kulia, na jasho likaanza kumtoka Mtaalamu licha ya ile feni. Nesi aliuegemea ufagio wake.

"Nikuulize. Mgonjwa akija kwangu anahitaji damu, namtundikia chupa yoyote kwa sababu imeandikwa damu?"

"Si kitu kimoja."

"Kwanza napima yake. Kisha natafuta inayokubaliana nayo. Huyo mke mwenza umempima?"

Hakuwa amempima. Lilimuuma hilo, na lilimuuma zaidi kwa kuwa aliyelisema alikuwa na ufagio mkononi. Lakini Jumamosi ilikuwa mlangoni. Akakifunga kile kijiti cha zamani kwenye leso, akarudi dukani kimyakimya. Dada akasoma kibandiko, kizazi, kasi na aina, akatoa pacha wake, akarudi kwenye tamthilia yake. Nyumbani seva iliwaka bila kinyongo. Mtaalamu akaliandikia kundi maelezo marefu kuhusu umuhimu wa kuchunguza kabla ya kununua.

Jumamosi alasiri walijaa sebuleni. Mwalimu mkuu alichukua kiti cha mbele, sikio lake zima limeelekea runinga, maana jingine lilishazeeka. Mdogo wa nesi alishika rimoti. Nesi alikaa chini, karibu kabisa na kioo. Mtaalamu alisimama nyuma yao, mikono mfukoni, kama baba wa bwana harusi.

"Leo mtaona," alisema. "Haitaganda popote."

Mama akatokea, mdogo na safi, ameketi kwenye kile kitanda cha chumba cha nyuma. Akasimulia kuhusu baba yake. Akasimulia kuhusu mto, utelezi, na ndoo iliyomtangulia majini. Pale mahali pakafika. Hakuna kiduara kilichozunguka. Mama alijifuta shingo kwa kitambaa, na hapo ndipo Mtaalamu alipokumbuka.

"Mwanangu," mama alisema kwenye runinga, "niletee ile feni kidogo. Humu ndani nachemka."

Sauti ya mwanamume ikajibu, karibu na simu, safi kuliko zote:

"Vumilia kidogo, mama. Ile feni ni ya seva. Ikipata joto itaharibika."

Mama akamtazama. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayengoja kuambiwa ni utani.

"Haya, baba," alisema. "Mwache mwenzangu apumzike."

Kisha akacheka. Lilikuwa cheko lilelile, la kifua kizima, hadi machozi.

Mdogo mtu alisimamisha picha. Nesi hakugeuka. Aibu ilimpanda Mtaalamu kuanzia miguuni. Feni ilisikika vizuri kutoka stoo.

Mwalimu mkuu aliinama mbele, kiganja sikioni.

"Hapo alikuwa anaomba nini?" aliuliza. "Sikupata."

"Mrudishie kaka nyuma, asikie," nesi alisema taratibu. "Mpe Mtaalamu rimoti, arudishe mwenyewe."

Akapewa. Akarudisha. Haikuganda hata kidogo.