Mshumaa wa Saba

Saa tisa kasorobo alasiri, mkesha wa Krismasi, Tuulikki Gaughan aliegesha gari nje ya makaburi ya parokia akateremsha mfuko wenye mishumaa saba. Kwao Finland mtu hali mlo wa Krismasi kabla hajawawashia taa wafu wake, na miaka kumi na minne ya ndoa huko Mayo, Ayalandi, pamoja na mvua yake yote, haikumwachisha desturi hiyo.

Jiwe la ukoo wa mumewe lilikuwa na majina sita. Aliwasha mishumaa sita. Wa saba aliununua kwa mazoea tu, maana kila makaburi ya kwao yana jiwe moja la waliozikwa mbali, na ukiweka mshumaa hapo hakuna anayekuuliza ni wa nani. Hapa jiwe hilo halikuwepo. Akauweka juu ya ukuta, upande wa nje, akasema, "Na wewe usiye na pa kuwashiwa." Kisha akarudi nyumbani kuchochea moto wa sauna.

Katika nyumba ile Krismasi zilikuwa mbili na hakuna iliyoipisha nyingine. Uji wa mchele na sauna, yaani bafu la mvuke, vilitoka kwa Wafini. Mshumaa dirishani, na mlango usiotiwa komeo kwa ajili ya msafiri, vilitoka kwa Waayalandi. Paja la nguruwe lilikuwa la wote, ugomvi ukabaki kwenye haradali. Sorcha, binti yao wa miaka kumi na miwili, aliwaonea huruma watoto wenye Krismasi moja.

Wafini wakishaoga mkesha huo, huwaachia marehemu joto la mwisho na ndoo ya maji. Sasa ukiacha maji ya moto, na mlango nao ukauacha wazi, wageni watakuja tu. Walianza kuja mwaka wa pili wa ndoa, kama saa kumi na moja jioni, wakifuta miguu mlangoni.

Marehemu wa Kifini waliingia saunani na taulo, kimya. Bibi Hilja, nyanya yake Tuulikki, aliyekuwa mkunga enzi zake, alishika benchi la juu kwenye joto kali. Wa Kiayalandi waliingia na makoti, kofia na viatu, kwa amri ya bibi Nora, mama yake mzee Malachy, baba mkwe wa Tuulikki. Nora alisema hakumvulia nguo mumewe miaka arobaini, hataanza na wageni.

"Joto hili litaniua," alilalama.

"Mama, ulishakufa," akasema Malachy, akimpokea mwavuli.

Mwaka ule wa mshumaa wa saba akaja mmoja zaidi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, viatu si vya saizi yake, na kitoto kimefungwa kwenye foronya. Alipitia mlango wa jikoni.

"Samahani, dada," alimwambia Tuulikki. "Niliona mshumaa ukutani hauna mwenyewe. Nikasema labda ni wangu."

"Ni wako. Ingia, maji yapo."

Malachy, aliyekuwa akikata nyama, aliweka kisu chini. Alikuwa na miaka tisa asubuhi ile gari la padri lilipomchukua dada yake kwenda kwa masista, walikofichwa wasichana waliopata mimba bila ndoa. Jioni yake aliweka mezani sahani nane kama kawaida, na mama yake akamwambia ajifunze kuhesabu upya. Tangu hapo jina lile halikutajwa, hata alipofia huko na kitoto chake.

"Umezeeka, Mala," akasema msichana.

"Themanini na nne. Wewe hujambo?"

"Sijambo. Niite basi jina langu, mtoto asikie. Hajawahi kusikia mama yake akiitwa."

Tuulikki alizima redio. "Niambie mimi, nikuite."

"Wewe utaniita kwa hisani, dada. Nataka wa kwetu."

Malachy alifungua kinywa. Kupitia kioo cha mlango wa sauna alionekana mama yake, wima ndani ya koti lake jeusi. Akakifunga.

"Hapo mlangoni pana baridi," akasema. "Sogea jikoni."

Hilja aliteremka benchini bila kuitwa. Kwao wanawake walizalia saunani, kwenye maji moto na usafi, na yeye alikuwa amepokea watoto mia tatu humo. Akamchukua mtoto, akamwingiza kwenye beseni, akauliza jambo kwa Kifini.

"Bibi anauliza ana umri gani," Sorcha akatafsiri.

"Siku kumi na moja, kwa miaka sabini na mitano."

Hilja akasema uzito wake si mbaya kwa umri huo. Akatupia maji mawe ya moto, mvuke ukapanda, na mtoto akacheka kwa mara ya kwanza. Wafini wote wakaitikia kwa vichwa, jambo ambalo kwao ni vigelegele.

Nora alivuta koti lake lisiguswe. "Nani huyo?" aliuliza, naye anajua.

"Mgeni," akasema Malachy.

"Mgeni?" Tuulikki alimgeukia. "Baba, damu yako mwenyewe?"

"Mwanangu, hii ni nyumba ya mama."

"Mama yako alikufa zamani!"

"Ndiyo sababu hawezi tena kubadili mawazo."

"Na wewe uliye hai?"

Mzee akachukua kisu, akaendelea kukata nyama. Fergal, mumewe Tuulikki, aliyejua kwamba penye mke na baba hapafai kutia mguu, akaenda kutazama viazi.

Walikula vizuri hata hivyo, wakaimba kwa lugha mbili. Lozi moja iliyofichwa kwenye uji ilimwangukia yule msichana. Sorcha akaeleza kwamba anayeipata huolewa mwaka huo, na Waayalandi wote wakatazama sahani zao. Msichana peke yake ndiye aliyecheka, akacheka mpaka akashika mbavu.

Saa moja marehemu waliondoka kwa mlango wa mbele, Nora akiongoza. Tuulikki akaufungua wote. "Pita huku."

"Nimezoea nyuma, dada," akasema msichana, akatoka na mtoto wake aliyenukia sabuni. Kwenye ngazi ya jikoni palikuwa na barafu, akateleza kidogo.

Tangu mwaka ule huja kila mkesha, na mtoto ananenepa. Malachy, ambaye magoti hayamruhusu hata kufunga viatu, hutoka kabla ya giza na ndoo ya majivu, akainyunyizia njia ya nyuma kutoka langoni hadi jikoni, isiteleze. Hakubali kusaidiwa. Tuulikki humtazama dirishani, midomo ya mzee ikijaribu kitu, hatua baada ya hatua, naye hungoja jina litoke. Kisha mzee huingia, hufuta miguu, huweka ndoo chini.

"Njia iko tayari," husema, "kwa yule mgeni."