Jumapili Haihesabiwi

Yuko mfukoni! Mfukoni kabisa, jamani, kwenye koti la Rais, mfuko wa ndani, upande wa kushoto! Ngoja nikae kwanza nikueleze vizuri.

Unamjua Lorraine Wierzba, yule jirani yetu anayeendesha basi la shule hapa Baltimore. Mumewe ni Teodor, fundi wa mapaa. Teodor aliletwa kutoka Poland akiwa mtoto anayebebwa, baba yake akakosea makaratasi, na miaka arobaini baadaye serikali ikakumbuka. Ikasema arudishwe kwao, nchi ambayo hata kuomba maji kwa lugha yake hawezi.

Wakaenda kwa jaji, mama mmoja mpole. Jaji akawasikiliza mpaka mwisho, akafuta macho, akasema, "Sheria mimi situngi, kaka. Naisoma tu. Nendeni Bungeni."

Mbunge wao akaandika muswada wa mtu mmoja, Muswada wa Nafuu ya Teodor Wierzba. Huwa wanafanya hivyo tangu zamani. Na kwa kuwa muswada wenyewe ulikuwa ni yeye, Teodor akasafiri nao, na kila hatua akapungua kimo. Baraza la Wawakilishi alifika akiwa na kimo cha kiti. Alipovuka kwenda Seneti alikuwa saizi ya kijiko, wakamweka ndani ya glasi asipeperuke. Kote huko walimpitisha wakampigia makofi. Lorraine alimpelekea kofia ya mwanasesere, maana kule ndani kuna baridi.

Alipofika Ikulu alitosha mfukoni. Rais akamsoma, akasema atafikiria, akamtia kwenye koti.

Lorraine akawa anapiga simu kila jioni. Dada wa mapokezi anaichukua simu, anaipeleka kwenye kabati la nguo, anaisogeza karibu na koti.

"Uko wapi sasa, baba?"

"Palepale. Humu kuna pipi ya mnanaa kubwa kama mto wa kulalia. Nimeilamba upande mmoja."

"Acha uroho wewe! Pipi ya Rais hiyo."

"Mwenyewe kaisahau. Lori, paa la jikoni bado linavuja?"

"Linavuja. Nimekinga sufuria."

"Usimwite fundi mwingine. Atakuharibia. Nakuja."

Lorraine hakuwa na wasiwasi. Shuleni tulifundishwa wote: Rais anapewa siku kumi, Jumapili haihesabiwi, na akinyamaza mpaka ziishe, muswada unakuwa sheria wenyewe. Rais alinyamaza vizuri sana. Siku ya kumi Lorraine akaoka keki ya tabaka tisa, sisi tukaja na saladi ya viazi, kiti cha Teodor kikavutwa mezani, mlango ukaachwa wazi ili apite na urefu wake wote.

Ikaita simu. Alikuwa Bwana Prescott, karani wa mbunge.

"Mama, hiyo ya siku kumi ni Bunge likiwepo. Bunge limefunga, wabunge wameenda makwao kula Krismasi. Bunge lisipokuwepo, Rais akinyamaza, muswada unafia mfukoni."

"Kwa hiyo Rais kakataa?"

"Hajakataa, mama."

"Basi nitoleeni mume wangu."

"Nani amtoe? Sisi alishatoka mikononi mwetu. Rais hajafanya kitu, na kitu kisichofanywa hakifutiki. Na jaji hapo hana cha kusoma."

Lorraine akashukuru, akakata simu, akafunga mlango. Keki tuliila. Hakuna aliyeisifu.

Januari likaja Bunge jipya. Likasema muswada wa zamani ulikuwa wa Bunge la zamani, aanze upya kwa jaji.

Lakini Jumapili ya kwanza, asubuhi, Teodor akabisha hodi. Kimo chake kamili, ananukia mnanaa, ile kofia ya mwanasesere ipo utosini.

"Futa viatu," Lorraine akamwambia.

Jumapili haihesabiwi, kwa hiyo siyo ya Bunge, siyo ya Rais, wala siyo ya jaji. Ni ya kwao. Teodor akanywa kahawa, akambusu mkewe, akapanda juu ya paa. Akabandua vigae vilivyooza. Kabla hajaweka vipya jua likazama, Teodor akarudi mfukoni, na Lorraine akabaki ameishika ngazi isiyo na mtu.

Imekuwa hivyo kila Jumapili. Anabandua kidogo, giza linaingia, wiki nzima mvua inanyesha pale alipobandua. Sufuria sasa zimejaa jikoni mpaka Lorraine anapikia chumbani. Fundi mwingine Lorraine hataki hata kumsikia.

Leo Jumamosi kanunua misumari, kakitoa kiti, kakipangusa. Mimi kesho naenda kumshikia ngazi. Nikitoka huko napita hapa kwako moja kwa moja, nikwambie amefika wapi na lile paa kabla jua halijazama.