Kitanda Kilichorefuka

Bibi harusi alipoingia katika nyumba ile ya waoka mikate, kitanda chake kilikuwa cha kawaida tu. Mwaka ulipogeuka, akawa anakipanda kwa kigoda. Majirani wakambandika jina: Mama Ghorofa.

Chanzo ni mama mkwe wake. Kila mikate ikiuzwa, mama huyo alitenga fungu moja la pesa kabla ya unga, kabla ya mboga, kabla hata ya sabuni, akalinunulia matofali ya tanuri. Stoo hawakuwa nayo, basi matofali yakaenda chini ya kitanda cha wanandoa, na kitanda kikainuliwa kuyapisha.

"Mama, si tungenunua japo kitenge?" mkwe alilalama.

"Kitenge utakivaa wewe, mwanangu. Tofali litakuvisha."

Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba katika pato lote la nchi, sehemu iliyokwenda kwenye mitambo, majengo na barabara imeongezeka.

"Ndiyo nini hiyo?" mume akauliza.

"Mikate ambayo haikuliwa," mama yake akamjibu. "Nchi nayo ina kitanda chake."

"Basi na waziri anapanda kwa kigoda!"

Wakacheka wote, isipokuwa mkwe, aliyekuwa akiusugua ugoko wake uliojigonga tofalini.

Wiki ya kufungua shule, tanuri likapasuka tumbo. Mpishi wa shule ya bweni, mteja wao mkubwa, akaja mwenyewe kulitazama. "Jumatatu nisipoona mkate," akasema, "nachukua kwingine. Msinilaumu."

Mkwe akaketi kizingitini, machozi yakimlengalenga. Bila shule ile angerudia kufua nguo za watu, kazi iliyomchubua mikono tangu usichana wake.

"Kitendawili!" sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni.

"Mama, jamani! Saa hizi?"

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Kina miguu minne na hakitembei. Hakili, na bado kinarefuka."

Mkwe akageuza macho chumbani, kwenye kitanda. Aliinuka mbio, kanga ikimdondoka, akajitupa kifudifudi chini ya kitanda. "Mume wangu! Mwite mwashi!"

Matofali yakapita mkono kwa mkono hadi uani. Kitanda kikashuka, kikashuka, mpaka miguu ikagusa sakafu.

"Ghorofa limebomolewa!" jirani akapiga kelele dirishani.

Tanuri jipya wakalikausha kwa moto wa polepole, na Jumatatu mikate ikafika shuleni ingali na joto.

"Ahsante, mama," mkwe akasema, akimshika miguu. "Nami nilikununia."

"Inuka, mwanangu. Mimi nilinunua tu, wewe ndiye uliyeyaatamia."

Mpishi alipolipa, mama mkwe akanyoosha mkono kutenga lile fungu. Halikuwepo. Mkwe alikuwa ameshalichukua, yuko njiani kwa muuza matofali. Na kile kigoda, alikiacha pale pale kando ya kitanda.