Nani Alichora Macho

1.

Kila asubuhi, kabla ya chai, Tusekile Mwambene huosha brashi zake. Huanza na ile pana, humalizia na ile nyembamba kama unyoya wa kifaranga. Mafuta ya taa, sabuni, maji, kitambaa. Amefika brashi ya nne, povu limemjaa vidoleni, simu inaita. Ni karani wa ofisi ya mtaa.

"Dada Tusekile? Kuna barua yako huku ofisini. Ni ya wale wa onyesho. Njoo uichukue mwenyewe, maana… wewe njoo tu."

Brashi ya tano haikuoshwa.

2.

ONYESHO LA WACHORAJI CHIPUKIZI
KAMATI YA UTEUZI

YAH: KUKATALIWA KWA MCHORO NA. 27, "KORONGO WATATU"

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kamati imejiridhisha kwamba macho ya ndege katika mchoro wako yameigwa kutoka kwa Fundi Elikana Kibona. Macho ya fundi huyo, hasa katika michoro yake ya miaka mitatu iliyopita, hayana mfano.

Una haki ya kujieleza mbele ya Kamati siku ya Ijumaa, saa nne kamili asubuhi. Fundi Kibona amealikwa kuwa shahidi.

Tunakutakia kazi njema.

3.

Yameigwa.

4.

(Maandishi ya rangi nyekundu, mlango wa karakana ya Kibona, Mbeya)

MWAKA WA KWANZA: KUOSHA BRASHI, KUSUGUA MBAO
MWAKA WA PILI: KUPAKA RANGI YA NYUMA
MWAKA WA TATU: MAJANI, MANYOYA, MIGUU
MACHO: FUNDI MWENYEWE
SAHIHI: FUNDI MWENYEWE
KINACHOTOKA MLANGO HUU NI CHA KIBONA

5.

Mahali Tusekile alipojifunzia:

Kwa bibi yake, Rungwe. Kumtazama kuku anayetafuta pa kutagia. Jicho huamua kwanza, miguu hufuata.

Kwenye kalenda za kanisani. Watakatifu wote walitazama juu. Hakuna hata mmoja aliyemtazama yeye, naye alikuwa amekaa pale pale, benchi la mbele.

Karakana ya Kibona, tangu akiwa na miaka kumi na sita. Kila kitu kilichobaki.

Chuo cha sanaa, miaka miwili. Huko alipewa majina ya vitu ambavyo mkono wake ulikuwa unavijua tayari. Alipata stashahada. Mwalimu mmoja aliandika pembeni ya kazi yake: *Ongea zaidi darasani.*

6.

(Mama Lusajo, mke wa fundi, akichambua mchele)

"Mimi ndiye niliyeona kwanza. Alimimina chai ikaenda kwenye sahani, kikombe kiko pembeni kinamtazama. Nikamwambia, baba Lusajo, twende hospitali. Ati ni ukungu. Ukungu gani huo, Januari mpaka Desemba? Ni mtoto wa jicho, kote kuwili! Kupasuliwa anaogopa, kusema anaona haya. Basi ikabidi yule binti awe ana… Lakini mimi sijasema kitu. Umenisikia nikisema?"

7.

Siku ya kwanza ya kuchora macho ilikuwa hivi. Fundi alimpa ile brashi nyembamba.

"Weka nukta ya mwanga."

"Wapi, Fundi?"

"Kwani mimi huweka wapi?"

Alijua. Fundi huweka upande wa juu wa mboni. Lakini Tusekile alimtazama tai aliyekuwa ubaoni, akaona kwamba nukta ikikaa juu, tai ataonekana mkali tu. Ikikaa chini, ataonekana anakumbuka jambo. Mkono ukashuka.

"Umeweka?"

"Nimeweka."

"Haya, nishike mkono, nitie sahihi."

Akamshika. Akauongoza mkono wa mwalimu wake mpaka kwenye kona, ukaandika *Kibona*.

Wewe unayesoma, usifanye haraka kumlaumu yeyote kati yao. Hakuna aliyeiba. Ilikuwa ndiyo desturi ya nyumba. Hata alipoingia chuo, alirudi kila Jumamosi kuchora macho.

8.

Anaweza kunyamaza. Korongo watarudi nyumbani, naye ataitwa mwizi kila atakapopeleka mchoro.

Anaweza kusema. Mji mzima utajua kwamba Fundi Kibona haoni.

Anaweza

9.

(Kwenye ngazi za ukumbi, Ijumaa)

"Ndiye huyo aliyeiba macho."

"Huyu? Mbona kapole hivyo!"

"Wapole ndio wenyewe, kaka. Shika vizuri miwani yako."

10.

MUHTASARI WA KIKAO, AGENDA YA 2

Mwenyekiti alimuuliza Bi. Mwambene kama alisoma kwa Fundi Kibona. Aliitikia kwa kichwa. Aliombwa atoe sauti. Hakutoa.

Mwenyekiti aliagiza mchoro usogezwe karibu na Fundi Kibona, kisha akamuuliza macho hayo ni ya nani.

Fundi Kibona aliupapasa ubao. Alijibu: "Yangu."

11.

(Hapa katibu aliweka kalamu chini.)

Tusekile hakukasirika. Alilijua jibu lile. Ni jibu la mlangoni kwa karakana, fundi amelitoa miaka yote. Alivuka ukumbi, akapiga goti kando ya kiti cha Fundi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe upo?"

"Nipo. Fundi, huu haukutoka kwako. Nimeuchora chumbani kwangu. Na nukta nimeiweka chini."

"Chini?"

"Chini. Tangu yule tai."

Vidole vya Fundi vilirudi ubaoni, vikatafuta.

Miaka mitatu watu wamemsifu kwa macho ambayo hajawahi kuyaona.

"Chini," alisema tena. Kisha akacheka kidogo, puani. "Na mimi waliponisifu nikadhani uzee umenikubali."

"Nisamehe, Fundi."

"Nikusamehe nini? Umenong'ona tu, nimesikia mimi peke yangu. Inuka. Wao wako kule."

12.

Aliinuka.

Meza ndefu. Watu watano. Chupa za maji.

"Ongea, Bi. Mwambene," alisema Mwenyekiti.

"Macho nimeyachora mimi. Ya korongo hawa, na yote ya miaka mitatu. Fundi wangu haoni. Sikumuiga mtu."