Nadhiri ya Wiki Ishirini na Tano

Mume wangu Girraj alivua viatu vyake Ijumaa ya kwanza baada ya sikukuu ya Holi, saa tano na nusu asubuhi, mbele ya sinema ya Chitralok, watu wapatao mia mbili wakimtazama. Picha ya mwigizaji Devraj Sabharwal, ambaye filamu yake mpya ilianza siku hiyo, ilikuwa imechorwa kwa rangi na kufunika ukuta mzima wa mbele, ghorofa mbili kwenda juu. Wanachama wa chama cha mashabiki walikuwa wameivisha shada la maua ya manjano lililohitaji wanaume wanne kulivuta kwa kamba. Girraj, aliyekuwa mwenyekiti wao, alipanda ngazi ya mbao, akaipaka picha alama nyekundu kwenye paji la uso, akashuka, akavua viatu.

"Mama Kaila anisikie," alisema kwa sauti, akimtaja mungu wetu wa kike. "Sitavaa kiatu mpaka filamu hii ifikishe wiki ishirini na tano hapa Chitralok."

Watu walipiga makofi na vigelegele. Mimi nilisimama upande wa wanawake, nikaitazama miguu yake juu ya saruji, nikahesabu miezi. Machi, Aprili, Mei, Juni. Mtu yeyote wa Agra anajua joto la Juni lilivyo.

Girraj alikuwa mshonaji wa viatu, kama baba yake, kama karibu kila mwanamume wa uchochoro wetu. Alikuwa pia mgonjwa wa sukari kwa mwaka wa pili, na daktari alikuwa ameshamweleza kwamba nyayo zake zimeanza kufa ganzi.

Sikuwahi kuyadharau mapenzi yake kwa Devraj, kwa sababu nilijua yalikotoka. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, Devraj alikuwa ameigiza kama mwana wa fundi viatu wa kijijini. Wapambe wa mwenye ardhi wanamwamuru avue viatu apite mbele ya nyumba ya bwana wao akiwa amevishika mkononi. Yeye anawatazama, kisha anapita navyo miguuni, taratibu, tena anarudi kupita mara ya pili. Baba yake Girraj, kwa kuwa tabaka letu lilidharauliwa, alipita mbele ya mabwana na viatu mkononi maisha yake yote. Girraj aliitazama filamu ile mara thelathini na moja. Aliniambia kwamba Devraj aliishika sawasawa hata sindano nene ya fundi, na kwamba mtu hawezi kuigiza jambo kama lile bila kutuheshimu.

Sasa Devraj alikuwa amezeeka kidogo. Filamu zake tatu zilikuwa zimeanguka mfululizo, na magazeti ya Bombay yaliandika kwamba amekwisha. Girraj hakuvumilia.

Filamu ile haikufika hata robo ya safari. Wiki ya nne viti vilikuwa vitupu. Wiki ya sita mwenye sinema aliiondoa, mafundi wakaipaka picha ya ukutani rangi nyeupe, kisha wakaanza kumchora kijana mwingine mwenye miwani myeusi.

Nilidhani nadhiri ingeishia hapo. Kumbe hapo ndipo ilipokosa mwisho. Filamu iliyoondolewa haiwezi kufikisha wiki ishirini na tano, na mtu aliyeapa kutovaa kiatu mpaka ifike hana siku ya kuvaa tena.

Uchochoroni walimtania kila asubuhi.

"Kaka Girraj, watu wote unawavisha, wewe mwenyewe umekosa saizi yako?"

"Mwacheni! Mkewe ameficha viatu asije akamkimbia!"

Yeye alicheka nao. Lakini mwezi wa Mei, binti yetu Kusum, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alikuta alama za damu sakafuni kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya kushonea. Tulipomkagua baba yake, tuliona kipande cha chupa kimezama kwenye wayo wa kushoto. Yeye hakuwa amehisi kitu.

Daktari wa zahanati alikisafisha kidonda huku akinung'unika. "Mama, lazima avae kiatu laini, kilichofungwa pande zote. Akiendelea kukanyaga vumbi na lami ya moto, kidonda kitapanda juu. Baada ya mwezi mmoja au miwili tutakuwa tunazungumzia kukata, na sitaweza kukuahidi kwamba tutakata vidole tu."

Tulipofika nyumbani nilimsihi.

"Mpelekee Mama Kaila nazi, Baba Kusum. Mpelekee na kitambaa chekundu. Umwombe akufungue. Watu hufanya hivyo."

"Sikuapa kwa nazi."

"Basi uliapa ili ukatwe mguu?"

"Niliapa kwa ajili ya mtu. Labda mtu mwenyewe aniambie inatosha." Kisha akatabasamu, kwa sababu jambo hilo aliliona haliwezekani. "Mwandikie. Si unakwenda darasani siku hizi?"

Ni kweli nilikuwa nikienda. Kwa miezi minane, kila alasiri baada ya kuosha vyombo, wanawake kumi na saba tulikaa uani pa shule ya msingi na vibao vyetu, mwalimu Urmila akitufundisha kusoma na kuandika. Girraj hakuwahi kujifunza. Aliniruhusu niende, na kila jioni aliniuliza nimepata nini, na nilipomsomea maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi iliyofungiwa njugu alinitazama kama nimetoa njiwa mfukoni.

Nilimwandikia Devraj Sabharwal kwa siku tatu. Ilikuwa barua yangu ya kwanza maishani. Nilimweleza kwamba mume wangu ameapa kutovaa viatu kwa ajili yake, kwamba filamu imeondolewa, kwamba mguu unaoza, na kwamba neno lake moja lingetosha kumponya. Anwani niliinakili kutoka nyuma ya jarida la sinema. Girraj mwenyewe ndiye aliyeitumbukiza barua kwenye sanduku la posta, na tangu siku hiyo alianza kuusikiliza mlio wa baiskeli ya mtu wa barua kuliko hata mimi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Wakati huo kidonda kilikuwa kimeanza kutoa harufu, na Girraj alikuwa akishona akiwa ameuweka mguu juu ya kigoda.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya Devraj anayetabasamu na karatasi moja iliyopigwa chapa, sahihi ya bluu ikiwa chini yake.

"Soma," alisema Girraj. Sindano alikuwa ameiweka chini.

Nilisoma kwanza kimyakimya, midomo ikisogea, kama nilivyozoea, kwa hiyo hakushangaa nilipochelewa. Kusum aliacha mtungi wa maji akaja kusimama nyuma ya bega langu. Alimaliza kabla yangu.

Karatasi ilisema: *Mpendwa shabiki, asante kwa upendo wako. Upendo wenu ndio nguvu yangu. Usikose filamu yangu mpya wakati wa sikukuu ya Diwali. Njoo na familia na marafiki.*

"Mama Kusum, mbona unanitesa? Amesemaje?"

Nilisoma: "Ndugu yangu Girraj. Habari za miguu yako zimenifikia. Miezi uliyotembea kwa ajili yangu inanitosha. Nadhiri yako nimeipokea. Vaa viatu."

Sikusita hata mara moja, na sauti yangu haikutetemeka. Mpaka leo hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Girraj aliichukua karatasi kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji la uso wake, akalia bila kujificha. Kisha akachagua ngozi laini ya mbuzi aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya harusi ya Kusum, akajishonea makubadhi yaliyofungwa pande zote, mapana upande wa kushoto ili bandeji ienee. Kabla ya chakula cha jioni alikuwa ameyavaa.

Kusum alinifuata jikoni. "Mama, hayo hayakuandikwa."

"Najua."

"Mwalimu wako akisikia?"

"Mwalimu hana mume mwenye kidonda. Kanda unga."

Siku ya tisa daktari alifungua bandeji akasema nyama imeanza kuwa nyekundu. Nilitoka zahanati nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumwonyesha mtu. Barua nilikuwa nimeificha chini ya gazeti lililotandikwa kwenye rafu ya mungu wetu. Girraj alikuwa ameshaniomba mara mbili aipeleke kwa wenzake, nami nilikuwa nimemwambia kwamba kitu kitakatifu hakizungushwi barabarani.

Jumapili nilirudi kutoka bombani nikakuta gazeti la kwenye rafu limepinduliwa na mume wangu hayupo. Niliiacha ndoo mlangoni nikakimbia.

Mashabiki walikuwa wakikutana kwenye kibanda cha chai mkabala na Chitralok. Nilipofika, Hukum Chand, karani wa mahakama ambaye ndiye katibu wa chama, alikuwa amepandishwa juu ya benchi na barua mkononi. Girraj alisimama chini yake, makubadhi miguuni, uso uking'aa kama wa bwana harusi.

"Isome kwa sauti, katibu, wasikie hata wa nyuma!"

Hukum Chand alisoma kimyakimya. Akainua macho, akaniona nikihema, ushungi wa sari umeanguka mabegani. Alikuwa mtu mwema. Alielewa.

"Kaka Girraj," alisema, "leo samahani. Miwani nimeiacha nyumbani."

"Miwani iko puani mwako!"

Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Bhola kinyozi, ambaye hawezi kuvumilia jambo kucheleweshwa, alinyoosha mkono akaichukua karatasi.

"Mpendwa shabiki, asante kwa upendo wako..." Aliishusha karatasi, akacheka kwa furaha. "Lo! Hii? Hii mimi ninayo nyumbani! Shemeji yangu wa Mathura anayo, na dada yake anayo. Ukiwaandikia wanakuletea hii hii. Ulidhani ni yako peke yako, mwenyekiti?"

"Endelea," alisema Girraj.

"Imekwisha. Usikose filamu mpya ya Diwali, uje na familia."

"Hakuna habari za viatu?"

"Viatu gani?"

Girraj aligeuka akanitazama. Aliinama, akavua makubadhi, akayapanga vizuri chini ya benchi kama mtu anayeingia hekaluni, kisha akaanza kutembea kuelekea nyumbani juu ya lami ya saa saba mchana. Nilimfuata nikiwa nimeyabeba. Kila alipokanyaga kwa mguu wa kushoto, bandeji iliacha doa.

Nyumbani aliketi kwenye mkeka. Kusum alileta maji. Hakunywa.

"Maneno yale yalikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Umenifanya nimdanganye Mama Kaila siku kumi."

"Nimekufanya upone siku kumi. Baba yako alivua viatu maisha yake yote kwa ajili ya watu wasiomjua jina, Baba Kusum, na wewe ulilia mara thelathini na moja kwa uchungu wa jambo hilo. Sasa na wewe unavua kwa mtu asiyekujua jina."

"Baba alilazimishwa. Mimi nilivua kwa hiari yangu. Huoni tofauti?"

"Kidonda hakioni."

"Basi kiache kisione!" Aligonga sakafu kwa ngumi. "Kama Devraj hanijui, mimi ninajijua. Nilisema mbele ya watu. Nikilivunja neno langu, kitabaki nini? Fundi viatu mwenye miguu miwili?"

Nilikuwa nimekwisha kutumia ombi, daktari na uongo. Kilichobaki ni kile alichokiheshimu yeye mwenyewe. Nilivua ndala zangu, nikaziweka mlangoni, nikasimama mbele ya rafu.

"Mama Kaila anisikie," nilisema. "Sitavaa kiatu mpaka mguu wa kushoto wa mume wangu uvae kiatu na usivuliwe barabarani."

"Wewe!" Girraj aliruka juu. "Futa hayo maneno!"

"Hayafutiki. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Mama, na mimi—" alianza Kusum.

"Wewe nyamaza!" tulimwambia kwa pamoja.

Nilitoka nikaifuata ndoo, nikarudi nayo bombani, mara mbili, ingawa maji yalikuwa ya kutosha. Lami ilinichoma hadi machozi yakanitoka, nami sikuyazuia, kwa maana nilitaka ayaone. Aliketi mlangoni akaniangalia nikienda na kurudi. Niliporudi mara ya pili malengelenge yalikuwa yametokea kwenye visigino, na majirani walikuwa wameanza kuuliza.

Kubadhi la kushoto lilikuwa mguuni mwake. La kulia alikuwa amelitupa nje, kwenye mfereji.

"Umesema wa kushoto," alisema, bila kunitazama. "Huu mwingine ni wangu na Mama Kaila. Vaa ndala zako."

Hivyo ndivyo anavyotembea mpaka leo, mguu mmoja ndani ya ngozi ya mbuzi, mwingine mtupu. Uchochoroni wamepata mzaha mpya, yeye huwajibu kama alivyowajibu zamani. Kidonda kilifunga mwezi wa Agosti. Daktari aliukagua mguu wa kulia akatikisa kichwa, akaniambia niuangalie kila asubuhi na kila jioni. Ninauangalia. Ninauosha, ninapitisha vidole kati ya vidole vyake nikitafuta miiba asiyoihisi, naye huniachia.

Diwali ilipofika, filamu mpya ya Devraj ilikuja. Girraj alikwenda siku ya kwanza na wenzake. Hakunialika, na hakuapa lolote.

Darasani nimefika kitabu cha tatu. Mwalimu Urmila ananisifu. Lakini karatasi yoyote ikiingia nyumbani kwetu, iwe ya umeme, ya shule au ya zahanati, Girraj huichukua kutoka mkononi mwangu kwa upole, humwita Kusum, naye huisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, huku mimi nikiwa nimekaa pale pale.